Mke wa Mpelelezi Analipa Deni la Nani?

Ndugu waandishi wa skripti, wahariri, waigizaji, na ninyi mnaolipia king'amuzi kila mwezi na hivyo mna haki ya kulalamika kutupita sisi sote, karibuni.

Mada niliyopewa ni pana: mwanamke katika tamthilia za uhalifu za televisheni. Nitaibana. Nitamzungumzia zaidi yule anayependwa na mpelelezi, au na mhalifu, maana siku hizi mhalifu naye ni steringi. Mke, mchumba, hawara, mwenzake wa kazini ambaye wanaibiana macho msimu baada ya msimu. Vibanda vya video vilishampa cheo chake zamani, demu wa steringi, na cheo hicho kinaeleza kazi yake vizuri: yupo kwa sababu steringi yupo, na akifa, kafa kwa ajili yake. Ninachotaka kuonyesha leo ni kwamba mhusika huyu huharibikia mezani kwa mwandishi, kwa sababu za kiufundi ambazo mtu anaweza kuzihesabu kwa kalamu. Dharau dhidi ya wanawake ipo, sikatai, lakini hata mwandishi mwenye nia njema humharibu kwa njia hizohizo.

Tuanze na waliokufa.

Katika Monk, iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 2002, mke wa mpelelezi, Trudy, ameshauawa kwa bomu lililotegwa garini. Katika NCIS, iliyoanza 2003, mpelelezi Gibbs alishampoteza mkewe Shannon na binti yao Kelly. Katika The Mentalist ya 2008, mke na binti wa steringi, Patrick Jane, wameshauawa na Red John, muuaji wa mfululizo. Wake watatu, na hakuna hata mmoja aliyefika hai kwenye onyesho la kwanza. Mwandishi huipenda njia hii kwa sababu inamlipa kwa muda mrefu. Marehemu humpa steringi uchungu usiohitaji kuelezwa, humwacha huru kuongea kwa madaha na mashahidi warembo bila kuonekana mzinzi, na hampigii simu saa nane za usiku kumuuliza yuko wapi. Tena muuaji wake anaahirishika: Red John hakufichuliwa hadi msimu wa 6, mwaka 2013. Ni akiba ya mwandishi, anachota kidogo kila msimu unapokaribia kwisha.

Hasara yake ni kwamba marehemu mwenyewe hana sura. Mnamjua: anatokea kwenye kumbukumbu, mwanga unaingia dirishani, nywele zinapeperuka, anacheka, basi. Hajawahi kukosana na mtu wala kudaiwa kodi ya nyumba. Dawa yake ni maswali matatu ambayo mwandishi ayajibu kabla hajaandika ukurasa wa kwanza, hata kama majibu hayatasikika hewani kamwe: wiki ile aliyokufa alikuwa na kazi gani mkononi, alikuwa amekosana na nani, na alimficha nini mumewe.

Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo linalomrudishia uhai. Monk yenyewe ililifikia mwishoni kabisa. Katika fainali ya 2009, baada ya misimu 8, Trudy anazungumza mwenyewe, kwenye mkanda wa video uliokaa miaka yote ndani ya zawadi ya Krismasi ambayo mumewe hakuwa na moyo wa kuifungua. Anaeleza uhusiano aliokuwa nao kabla ya ndoa, mtoto aliyeambiwa kuwa amekufa, na mwanamume aliyekuwa akimwogopa. Kesi iliyomshinda mpelelezi mwerevu kuliko wote inafumbuka kwa dakika chache kwa sababu marehemu kapewa nafasi ya kusema. Na siri aliyoisema ilikuwa yake yeye Trudy, ya maisha yake kabla hata hajamjua Monk.

Wengine huuawa katikati ya safari. Mpelelezi Stabler wa Law & Order: Special Victims Unit alikuwa na mke, Kathy, tangu tamthilia ilipoanza mwaka 1999. Aprili 2021 Stabler akapewa tamthilia yake mwenyewe, Organized Crime, na Kathy akauawa kwa bomu la garini ili mumewe apate pa kuanzia. Zoe, mke wa mpelelezi Luther wa BBC, hakuvuka hata msimu wa kwanza, 2010. Breaking Bad, kisa cha mwalimu Walter White anayegeuka mpikaji wa dawa za kulevya, ilimpa mshirika wake Jesse wapenzi wawili, ikamnyang'anya wote wawili. Jane alikufa mwaka 2009 akipaliwa na matapishi huku Walter amesimama pembeni anamtazama. Andrea alipigwa risasi mlangoni kwake mwaka 2013, Jesse akishuhudia kutoka ndani ya gari, kwa sababu tu wahalifu walitaka kumtia Jesse adabu.

Vifo hivi viwili haviko sawa, na tofauti yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Baada ya kifo cha Jane tunamwona baba yake, Donald, mbele ya kabati la nguo, anachagua gauni la kumzikia bintiye. Ni onyesho fupi lisilomhusu steringi hata kidogo. Halafu Donald anarudi kazini, kuongoza ndege, akiwa bado amevurugikiwa, na ndege mbili zinagongana angani. Jane ana watu wake, na uchungu wao unatembea nje ya nyumba ya Walter. Andrea ana mtoto, Brock, naye baada ya mama kuanguka pale mlangoni mtoto anabaki kuwa tishio la kumshikia Jesse. Nani alimwosha, nani alimpeleka shule, hatuambiwi. Kwa hiyo ukimuua mhusika, kipimo ni hiki: chukua maonyesho matano yanayofuata, andika pembeni nani analia na nani anafanya shughuli. Kama katika yote matano ni steringi, hujaua mtu, umetumia mtu.

Sasa aliye hai, na hapa nitakaa.

Agosti 2013 mwigizaji Anna Gunn, aliyecheza Skyler, mke wa Walter White, aliandika katika gazeti la New York Times kuhusu chuki aliyokuwa akitupiwa na watazamaji. Walimchukia Skyler, kisha wakamchukia Gunn mwenyewe. Mwaka huohuo na uliofuata alishinda tuzo ya Emmy kwa nafasi hiyohiyo, kwa hiyo tatizo halikuwa uigizaji. Mumewe anapika dawa za kulevya na kuua, yeye anauliza alikuwa wapi, halafu mtazamaji anamkasirikia yeye. Gunn alisema hapo pana swali la jinsi tunavyowatazama wanawake na wake za watu, na alisema kweli. Mimi naongeza jingine la mezani: mpangilio wa habari.

Tazameni onyesho la kawaida la misimu ya mwanzo. Sisi tumeshamwona Walter jangwani akipika dawa zake. Tunajua alikokuwa, tunajua kafanya nini, tunajua uongo anaokuja kuutoa. Anaingia nyumbani, Skyler anauliza. Swali lake ni la haki kabisa, lakini jibu tunalo tayari, kwa hiyo kwa mtazamaji zile dakika mbili ni za kungoja. Tunataka arudi jangwani, na aliyesimama mlangoni ni mkewe. Hata angekuwa malaika tungemsukuma pembeni. Mwandishi hakuandika mke mkorofi, ila kila mara amemleta baada ya sisi kujua, na mtu anayeuliza tunachokijua huchosha.

Ndiyo maana Skyler wa msimu wa 4 anatazamika tofauti. Yeye kwa taaluma ni mtu wa vitabu vya hesabu. Anajua kwamba fedha chafu zinahitaji biashara halali inayoeleweka, na anaamua wanunue kituo cha kuosha magari ambacho Walter aliwahi kufanya kazi. Mwenye kituo hataki kuuza. Skyler anamtuma mtu ajifanye mkaguzi wa mazingira, huku yeye mwenyewe akimlisha maneno kwa simu, sheria gani ataje, sampuli gani achukue. Hapo sisi ndio tunaobaki nyuma tukiuliza anafikiria nini. Ana haja yake, ana ujuzi ambao mumewe hana, na anajua kitu kabla yetu.

Kwa hiyo hatua za kurekebisha zifuate utaratibu huo. Skripti ya tamthilia ya saa moja yenye matangazo hubaki na dakika kama 42 za hewani, kurasa hamsini hivi. Kesi inakula robo tatu. Nyumbani panabaki maonyesho matano au sita ya ukurasa mmoja mmoja, au kurasa mbili yakiwa na bahati. Ndani ya kurasa hizo chache ndoa nzima inatakiwa ikae, na mwandishi aliyebanwa hukimbilia kitu cha haraka kuliko vyote, ugomvi, na ugomvi wa haraka kuliko wote ni lawama: umechelewa, watoto wamekuuliza, hunijali. Chukueni skripti, mtoe maonyesho yote ya mke, myaweke mezani peke yake kwa mfuatano. Kwa kila moja andikeni nani ameingia akiwa anataka kitu, na nani ametoka akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho. Kama mume ndiye jibu la yote mawili kila ukurasa, mnajua ugonjwa ulipo.

Halafu badilisheni moja tu kwanza. Msiyaguse yote, mtaharibu mwendo wa kesi. Katika onyesho la pili au la tatu, mke apate habari kabla ya mtazamaji: barua, risiti, simu aliyopokea, jambo la kazini kwake. Asilitamke. Mtazamaji aone tu kwamba amelikunja na kulitia mkobani. Kuanzia hapo kila akiingia tunamtazama mikono. Kosa ninaloliona waandishi wakilifanya hapa ni kuifanya habari hiyo iwe ya kumfumania mume. Mkifanya hivyo mmerudi palepale, maana haja yake imekuwa mume. Habari iwe yake: kazini kwake, kwa ndugu zake, kwenye afya yake, halafu kesi ndiyo ije igongane nayo.

Kuhusu wapenzi wa kazini, wale wanaotuacha tukijiuliza watapendana au hawatapendana, nitapita haraka kwa sababu uzushi ni mwingi kuliko hoja. Watayarishaji wamekariri kwamba wapenzi hao wakiwa mwili mmoja tamthilia inakufa, na ushahidi wao ni Moonlighting ya ABC, ambayo wapelelezi wake wawili walilala pamoja mwaka 1987 na hazikupita siku watazamaji wakapungua. Lakini tazameni kilichotokea kazini. Cybill Shepherd alikuwa mjamzito wa mapacha. Bruce Willis alikuwa akipiga picha za Die Hard. Episodi zilikuwa zikichelewa, mwandishi aliyeiasisi, Glenn Gordon Caron, akaondoka, na 1988 ukaja mgomo wa waandishi. Kwa muda mrefu wapenzi hao hawakuwa hata kwenye chumba kimoja, na utani wa wawili ndio uliokuwa bidhaa yenyewe. Bones ya Fox iliwaunganisha wapelelezi wake mwaka 2011, mwishoni mwa msimu wa 6, mwigizaji akiwa mjamzito kweli, ikaendelea hadi msimu wa 12, mwaka 2017. Siri yake ni ndogo: baada ya kuoana waliendelea kubishana juu ya mifupa ya kesi zao. Kazi yao haikuwa kisingizio cha mapenzi, kwa hiyo mapenzi yalipotimia kazi ilibaki.

Pale mpelelezi anapokuwa mwanamke kuna kitu cha ajabu kinachotokea kwenye ratiba ya talaka. Mpelelezi mwanamume mara nyingi hufika kwenye episodi ya kwanza akiwa ameshaachwa. Talaka yake ni historia, chupa ya pombe kwenye droo na picha ya mtoto juu ya meza. Mwanamke huachwa mbele ya macho yetu, hatua kwa hatua. Jane Tennison wa Prime Suspect, Uingereza 1991, anapata kesi yake ya kwanza kubwa ya mauaji na wakati huohuo anatakiwa apike kwa ajili ya wageni wa kibiashara wa Peter, mwanamume anayeishi naye. Kazi inamchelewesha, na Peter hatimaye anaondoka. Sarah Lund wa Forbrydelsen, Denmark 2007, yuko mbioni kuhamia Sweden na mchumba wake Bengt na mwanawe Mark, na kila episodi safari inasogezwa mbele. Hizi ni tamthilia bora, Prime Suspect iliandikwa na mwanamke, Lynda La Plante, na nia ilikuwa kuonyesha bei halisi ambayo mwanamke wa cheo hulipa. Baada ya miaka thelathini ya kuigwa, bei ile imekuwa desturi. Mwandishi anampa afande wa kike kesi kubwa na mkono wa pili unaandika wenyewe mwanamume anayefunga begi.

Aliyeukwepa mtego huo aliwatangulia wote. Cagney & Lacey ya CBS, 1982 hadi 1988, ilikuwa na wapelelezi wawili wanawake, na Mary Beth Lacey alikuwa na mume, Harvey, fundi wa ujenzi ambaye mara nyingi hakuwa na kibarua. John Karlen aliyemcheza alipata Emmy mwaka 1986. Harvey hakuwa mume wa kulalamika wala mtakatifu wa kupiga makofi. Alikuwa akiuliza kuhusu kesi, usiku, kitandani, na Lacey alipokuwa akijibu tulikuwa tunapata mambo ambayo kituoni asingeyasema: kwamba anamwonea huruma mshukiwa, kwamba ameogopa. Onyesho la nyumbani lilikuwa likibeba mzigo wa kesi. Ukiliondoa, kesi inachechemea. Tamthilia hiyohiyo, ili mjue vita vilikuwa vipi, ilimbadilisha mwigizaji wa Cagney baada ya episodi 6 za kwanza kwa sababu wakubwa wa televisheni waliona wanawake wale wawili ni wakakamavu mno, ikafutwa 1983, na barua za watazamaji ndizo zilizoirudisha hewani mwaka 1984.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili nina jambo la utaratibu. Nairobi imeshatoa tamthilia ya kipolisi inayowaweka mwanamke na mwanamume bega kwa bega, Makena na Silas wa Crime and Justice ya Showmax, 2021, kwa hiyo njia imefunguliwa. Lakini skripti nyingi za kwetu, mpenzi wa steringi akidhuriwa, huruka moja kwa moja hadi kitanda cha hospitali: bandeji kichwani, machozi, steringi anamshika mkono na kuapa. Mmeruka sehemu tamu kuliko zote. Tanzania kuna fomu ya PF3 inayotolewa na polisi kwa majeruhi, kuna Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kenya kuna fomu ya P3, ambayo polisi hujaza sehemu yake na daktari yake. Kama ni ubakaji, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa zianze ndani ya saa 72. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na ushahidi huoza. Asioge kwanza.

Hiyo ni saa inayopiga, na anayepigiwa ni huyo mwanamke. Atamwambia nani kwanza, mama mkwe au askari? Shangazi kwa huruma kamchemshia maji ya kuoga, anamkatalia vipi bila kusema? Amefika kituoni, anayeandika maelezo ni jirani yao. Kila swali kati ya hayo ni onyesho, na katika kila onyesho anayeamua ni mwanamke aliyedhuriwa. Steringi anaweza kuwa anazunguka mjini akimtafuta mhalifu kwa muda huohuo, na mtazamaji atakuwa na hofu mbili badala ya moja. Tendo lenyewe la kikatili halina haja ya kuonyeshwa ili mtu aamini. Msimu wa kwanza wa Forbrydelsen ulitumia episodi 20, kila moja karibu siku moja ya upelelezi, na wazazi wa binti aliyeuawa, Theis na Pernille, walipewa kisa chao kamili sambamba na cha polisi na cha wanasiasa. Uzito wa kifo tuliuona kwa wazazi wakiwa nyumbani.

Nimalizie na fedha, kwa sababu mtayarishaji ameshaanza kutazama saa. Mke wa mpelelezi hatoki jikoni kwa sababu ya ratiba. Picha hupigwa kwa kufuata mahali, bila kujali mfuatano wa hadithi, kwa hiyo maonyesho yote ya nyumbani, hata ya episodi mbili, hukusanywa na kupigwa kwa siku moja au mbili. Mwigizaji analipwa kwa siku. Akitoka nje ya ile nyumba, ni siku nyingine ya malipo, usafiri, na mtu wa mavazi. Mwandishi analijua hilo, naye humfungia mule ndani bila hata kuambiwa.

Njia ya kupita ni hii. Tazameni maonyesho yake matano, mkunje mawili ya jikoni yawe moja, maana karibu kila mara yanasema kitu kilekile. Siku ile iliyookolewa ihamishieni kituo cha polisi, ambako seti imeshawashwa taa na waigizaji wengine wako pale. Aje kituoni kwa shughuli yake: kuandikisha maelezo juu ya upotevu wa fedha ofisini kwake, kufuatilia gari la kaka yake lililokamatwa, kuleta PF3 ya mwanafunzi wake. Azungumze na askari wa zamu, mpelelezi apite nyuma yake na faili mkononi, wasalimiane kama watu wanaojuana, kila mmoja aendelee na yake. Bajeti ni ileile.